John Bardeen: Mwanasayansi mpole aliyefumbua siri ya metali zisizopoteza umeme

WAKAZI wa mtaa wa Pioneer mjini Eldoret, sawa na Wakenya wengine, huchangia gharama ya umeme ambao haukumfikia mteja yeyote. Katika miaka ya karibuni, zaidi ya asilimia 20 ya umeme unaonunuliwa na Kenya Power imekuwa ikipotea kabla ya kuuzwa. Sehemu yake huibwa na sehemu nyingine hugeuka joto ndani ya nyaya na transfoma.

Hasara hiyo ya joto imo katika maumbile ya waya wenyewe. Elektroni zinazobeba umeme hugongana na atomu zinazotetema, zikapunguziwa nguvu kila zinapogonga.

Hata hivyo, zipo metali ambazo zikipozwa vya kutosha hupitisha umeme bila kupoteza hata chembe. Aliyeongoza kazi ya kueleza sababu yake ni Mmarekani John Bardeen, mtu pekee hadi leo aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mara mbili.

Bardeen alizaliwa Mei 23, 1908, mjini Madison katika jimbo la Wisconsin. Babake alikuwa mkuu wa kitivo cha utabibu. Mamake alifariki mwaka 1920, mvulana huyo akiwa bado hajatimiza miaka 12. Akiwa na miaka 15 tu, alijiunga na chuo kikuu kusomea uhandisi wa umeme.

Alifanya kazi katika maabara ya kampuni ya mafuta ya Gulf kwa miaka michache, kisha akaiacha ajira hiyo wakati wa msukosuko mkubwa wa uchumi ili arudi darasani. Mwaka 1936 alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Princeton.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, aliajiriwa katika maabara za Bell. Huko, Desemba 1947, yeye na Walter Brattain waliunda transista ya kwanza, kifaa kidogo cha kukuza mawimbi ya umeme. Ni kifaa hicho kilichozaa redio ndogo za betri zilizoenea hadi vijijini Afrika Mashariki, na ndicho kiini cha simu za mkononi na kompyuta za leo.

Ufanisi huo ulimletea uchungu. Msimamizi wao, William Shockley, alijitengea hatua zilizofuata za utafiti na kuwaweka kando wavumbuzi hao wawili. Bardeen, mtu mpole wa sauti ya chini, hakufanya zogo. Mwaka 1951 alihamia Chuo Kikuu cha Illinois kushughulikia fumbo lililokuwa likimsumbua tangu miaka ya thelathini.

Fumbo hilo lilianza mwaka 1911 nchini Uholanzi. Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki hadi nyuzi zipatazo 269 za Selsiasi chini ya sufuri, akaona ukinzani wake wa umeme ukitoweka ghafla. Kwa zaidi ya miaka 40, mabingwa wa fizikia, akiwemo Albert Einstein, walijaribu kueleza sababu yake wakashindwa.

Mwanga ulichomoza Mei 1950, Bardeen alipopata habari kwamba zebaki yenye atomu nzito zaidi huhitaji baridi kali zaidi kabla ya ukinzani kutoweka. Uzito wa atomu huamua jinsi zinavyotetema. Kwa hiyo, siri ilikuwa katika mitetemo hiyo, ile ile inayozikwamisha elektroni katika waya wa kawaida. Herbert Fröhlich alikuwa amefikia wazo kama hilo kwa njia yake mwenyewe.

Atomu za metali hujipanga kwa utaratibu kama mafundo ya kimia, nazo zina chaji chanya. Elektroni yenye chaji hasi ikipita, huzivuta kidogo kuelekea kwake. Kwa kuwa atomu ni nzito, hukawia kurudi mahali pake, na kwa muda mfupi sehemu hiyo hubaki na chaji chanya ya ziada inayovuta elektroni nyingine.

Ni mfano wa lori la mahindi lililopita kwenye barabara ya udongo msimu wa mvua. Lori limekwisha kwenda, lakini alama za magurudumu yake huyavuta magari yanayofuata. Ndivyo elektroni mbili, ambazo kwa kawaida hufukuzana, zinavyofungamana kupitia mitetemo ya kimia, ingawa huenda zimetenganishwa na mamia ya atomu.

Leon Cooper, kijana wa miaka 25 aliyealikwa na Bardeen mwaka 1955, ndiye aliyeonyesha kihesabu kwamba jozi hizo zinawezekana. Kazi iliyosalia ilikuwa kueleza mwenendo wa jozi chungu nzima kwa pamoja. Jukumu hilo lilimwangukia mwanafunzi, Robert Schrieffer.

Mwishoni mwa 1956, Bardeen alitakiwa kwenda Stockholm kupokea Nobel ya kwanza, iliyotokana na transista. Schrieffer alikuwa amekata tamaa na kufikiria kubadilisha mada. Mwalimu wake alimsihi avumilie mwezi mmoja zaidi. Mapema mwaka 1957, akiwa ndani ya treni mjini New York, kijana huyo aliandika mlinganyo uliokuwa ukitafutwa.

Mlinganyo huo ulionyesha kwamba jozi zote husafiri kama kitu kimoja. Kizuizi kidogo hakiwezi kuikwamisha elektroni moja, kwa kuwa kuitoa katika kundi huhitaji nishati ambayo baridi haiachi ipatikane. Joto likipanda, jozi huvunjika na ukinzani hurejea.

Nadharia hiyo iliwapa watatu hao Nobel ya mwaka 1972. Inasimuliwa kuwa mwaka 1956 mfalme wa Uswidi alimtania Bardeen kwa kumleta mtoto mmoja tu kati ya watatu. Safari ya pili alikwenda na wote.

Hakuwa mtu asiyekosea. Mwaka 1962 alimpinga hadharani Brian Josephson, mwanafunzi wa miaka 22, kuhusu jozi hizo kupenya kizuizi chembamba kati ya metali mbili. Majaribio yalipompa haki kijana huyo, Bardeen aliondoa pingamizi lake.

Leo, mashine nyingi za MRI hospitalini hutumia sumaku za nyaya za niobi na titani zilizopozwa kwa heliamu ya maji. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walitangaza kuwa mchanganyiko wa magnesi na boroni hupoteza ukinzani katika nyuzi 234 chini ya sufuri, nao pia hufuata mitetemo ya kimia. Mwaka 2019 mchanganyiko wa lanthani na hidrojeni ulikaribia nyuzi 23 chini ya sufuri, ingawa ulihitaji shinikizo la zaidi ya mara milioni moja ya lile la hewa.

Michanganyiko yenye shaba na oksijeni, iliyogunduliwa mwaka 1986, ingali ikiwatatiza wanasayansi. Hakuna maelezo yanayokubaliwa na wote. Huko Eldoret, wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Eldoret wamechapisha makala za kinadharia kuhusu metali za aina hii. Kazi ya namna hiyo huhitaji karatasi, hesabu na subira kuliko mitambo ya mamilioni.

Bardeen alifariki mjini Boston, Januari 30, 1991, akiwa na miaka 82. Waya usiopoteza umeme katika joto la kawaida la mji kama Eldoret, bila shinikizo hilo kubwa, bado haujapatikana.