Ibn Khaldun: Kadhi Aliyechunguza Utawala na Ustawi wa Nchi

Karne nyingi kabla ya vyuo vikuu kuanza kutafiti uhusiano wa utawala bora na maendeleo endelevu, suala hilo lilichunguzwa na mtumishi wa dola aliyeshuhudia serikali nyingi zikianguka. Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332, katika ukoo wa wasomi uliohamia huko kutoka Andalusia. Akiwa bado kijana, tauni iliwachukua wazazi wake wote wawili na wengi wa walimu wake.

Aliwatumikia masultani wa Fez, ambako alifungwa karibu miaka miwili kwa tuhuma za njama, kisha wa Granada, waliomtuma Seville mwaka 1364 kuwa mjumbe kwa Mfalme wa Castile. Huko Bougie alipanda milimani kukusanya kodi kwa makabila ya Waberberi. Huenda kazi hiyo, kuliko vitabu, ndiyo iliyomfunza jinsi hazina ya dola inavyojaa na inavyokauka.

Mwaka 1375 alijitenga na siasa, akakaa na familia yake katika ngome ya Qal'at Ibn Salama, nchini Algeria ya leo. Mwaka 1377 akaandika Muqaddima kwa miezi mitano. Humo alieleza kuwa dola changa hutoza kodi ndogo na kupata mapato mengi, kwa kuwa raia huwa na ari ya kazi. Watawala wakizoea anasa hupandisha kodi. Mkulima na mfanyabiashara hukata tamaa, na mapato hupungua. Alipinga mtawala kufanya biashara, kwani raia hana uwezo wa kushindana naye. Kazi ya shuruti na kupora mali aliviita dhulma inayobomoa ustaarabu wenyewe.

Alihamia Misri mwaka 1382, na miaka miwili baadaye akateuliwa kadhi mkuu wa madhehebu ya Maliki. Ukali wake dhidi ya rushwa mahakamani ulimletea maadui wengi. Wakati huohuo, jahazi lililoileta familia yake kutoka Tunis lilizama. Akauzuliwa, kisha akarejeshwa mara kadhaa.

Mwaka 1401, Damascus ikiwa imezingirwa, aliteremshwa ukutani kwa kamba ili akaonane na Timur. Alifariki Cairo mwaka 1406, akiwa kadhi kwa mara ya sita, akazikwa nje ya lango la Bab al-Nasr.