Edward Tingatinga, mchoraji wa chini ya mbuyu

Ukitaja tingatinga hapa Nakwa, wengi watafikiria trekta, au lile katapila linalochonga barabara. Kwa jirani zetu wa Hanang, kwenye mashamba ya ngano, ndiyo kabisa. Lakini msikilizaji wetu, yupo Tingatinga mwingine. Huyu alikuwa mtu, na jina hilo lilikuwa la baba yake.

Katika miji ya Ulaya wapo wachoraji wanaopiga magoti na kuchora kwa chaki juu ya njia za waenda kwa miguu. Wapita njia huwaachia sarafu, na mvua ikinyesha picha imekwisha. Kwetu Tanzania, mchoraji wa mtaani anayejulikana kuliko wote hakuchora juu ya lami. Alichora juu ya ubao, na picha zake zikauzwa chini ya mti, kando ya barabara.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa nchi, katika familia ya wakulima. Alisoma miaka michache tu ya shule ya msingi. Katika miaka ya 1950 alifanya kama vijana wengi wa kusini, akaenda Tanga kukata mkonge. Baadaye akahamia Dar es Salaam, akawa mfanyakazi wa nyumbani kwa Mwingereza. Mwajiri huyo alipoondoka, Edward akabaki na vibarua vya hapa na pale.

Alianza kuchora mwaka 1968, akiwa na miaka 36. Chuo cha sanaa hakukijua. Turubai la wachoraji lilikuwa ghali, kwa hiyo alichukua zile mbao nyembamba za kupigia dari, akazikata vipande vya mraba. Rangi yake ilikuwa ile ya mafuta inayong'aa, ambayo mafundi walipakia baiskeli. Hebu fikiria: vitu vyote hivyo vilipatikana kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Aliupaka ubao wote rangi moja, kisha katikati akamweka mnyama mmoja: chui, nyati, tembo au ndege. Tembo wake hafanani sana na hawa wa Tarangire tunaowafahamu sisi, na sioni kama alitaka wafanane. Ukimwona mara moja humsahau.

Picha ziliwekwa chini ya mbuyu nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay. Wageni wengi waliishi eneo hilo, na ndio walionunua. Mkewe alisaidia kuuza. Hata alipopata kazi ya kuhudumia wodini Muhimbili hakuacha kuchora, na shirika la umma lililoshughulikia kazi za sanaa likaanza kununua picha zake. Kazi ilipozidi, akawaita ndugu na vijana wa kwao, wakiwemo Simon Mpata, January Linda na Ajaba Abdallah, akawafundisha kwa kuwaweka kando yake wamtazame.

Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi jijini Dar es Salaam, akidhaniwa kuwa mhalifu anayekimbia. Hakuwa mhalifu. Alikuwa na miaka 40, na watoto wake walikuwa bado wadogo. Kazi yake yote ya uchoraji ilidumu takriban miaka minne.

Wanafunzi wake waliendelea palepale chini ya mbuyu. Mwaka 1977 waliunda kikundi, na mwaka 1990 kikawa chama cha ushirika. Wao ndio walioongeza nukta nyingi, umati wa watu na rangi za kuwaka tunazoziona leo. Jina la mwalimu wao likawa jina la mtindo mzima.

Hapo ndipo tunaposikitika kidogo. Mtindo umemfunika mtu. Picha zinazouzwa Arusha na Zanzibar kwa jina la Tingatinga ni nyingi mno, lakini alizochora yeye mwenyewe ni chache, na nyingi ziko nje ya nchi, mikononi mwa wakusanyaji. Ukienda Arusha ukaingia duka la sanaa, angalia kona ya chini ya picha. Hapo utakuta jina la aliyeshika brashi, na huyo ndiye aliyeketi siku nzima kuichora.