Monica Wilson na Desturi ya Kuuliza

Mwalimu amfundishaye mtoto kusoma hajamaliza kazi yake mpaka amfundishe pia kukihoji kile akisomacho. Ili kulieleza jambo hili, tumeona vema tuyatazame maisha ya Monica Wilson, mtaalamu wa anthropolojia, ambaye jina lake hutajwa kila panaposomwa habari za Wanyakyusa.

Alizaliwa tarehe 3 Januari 1908 huko Lovedale, Afrika Kusini, wazazi wake wakiwa wamisionari, na akasoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mwaka 1935 aliolewa na Godfrey Wilson, aliyekuwa amekwisha kuanza utafiti kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka uliotangulia. Hadi mwaka 1938 walifanya kazi miongoni mwa Wanyakyusa, wakijifunza lugha, wakihudhuria mazishi, na wakiandika waliyoyaona na waliyoambiwa. Katika kazi hiyo walisaidiwa na Leonard Mwaisumo, karani wao Mnyakyusa.

Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica, aliyeachwa na watoto wawili wadogo, aliyachukua maandishi yao wote wawili akaendelea. Mwaka 1951 alitoa kitabu kiitwacho Good Company, kinachoeleza vijiji vya rika, yaani jinsi wavulana walivyotoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe. Humo alieleza pia ukwangala, ile raha ya kukaa na wenzi na kuzungumza, ambayo Wanyakyusa waliihesabu kuwa njia ya kupata busara. Linalotuhusu zaidi sisi walimu ni kwamba aliambatisha maelezo ya watu na visa alivyovikusanya, ili msomaji apime mwenyewe.

Nao wasomaji walipima. Simon Charsley mwaka 1969, na Michael McKenny mwaka 1973, walizihoji baadhi ya hoja zake. Monica hakuiacha kazi. Mwaka 1977 alitoa kitabu kingine juu ya mabadiliko ya mahusiano baina ya vizazi. Alifariki mwaka 1982.

Leo mwanachuo hupata masomo ya bure katika intaneti, na hatari iliyopo ni kuyanakili bila kuyapima. Hatuna budi kuwazoeza wanafunzi maswali matatu: Nani amesema? Aliona mwenyewe au aliambiwa? Wengine wasemaje?

Kwa mfano, mwalimu wa Kyela aweza kuwasomea wanafunzi wa darasa la sita habari ya vijiji vya rika, kisha akawatuma kuwauliza wazee watatu. Kila kundi liandike jibu la kila mzee peke yake, na kuonyesha mahali wanapohitilafiana. Baadaye darasa lizungumze, na mwalimu asiharakishe kuamua nani mkweli. Mtoto atakayegundua kwamba bibi yake anajua jambo lisilomo kitabuni, au kwamba kitabu kinajua jambo ambalo bibi amelisahau, hatakubali tena neno lolote kwa sababu tu limeandikwa.