Geoffrey Milne: Mtaalamu aliyeusoma udongo wetu kutoka kileleni hadi bondeni

Anayechimba msingi wa nyumba mtaani Donholm, jijini Nairobi, hukumbana na udongo mweusi ambao hunata na kuvimba wakati wa masika, kisha hupasuka nyufa kiangazi kinapowadia. Kwa sababu hiyo, wakazi wengi wanaopenda kujipandia sukumawiki nyuma ya nyumba hununua udongo mwekundu unaoletwa kwa malori kutoka nyanda za juu. Huutazama wekundu ule wakaamini wamenunua rutuba. Misimu michache baadaye mboga hudumaa, majani yakaingia rangi ya zambarau, na lawama zote zikamwangukia muuza mbegu.

Kosa hilo la kuhukumu udongo kwa sura yake lilimshughulisha Mwingereza Geoffrey Milne, aliyefariki mwaka wa 1942.

Milne alikuwa mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki nchini Tanganyika. Wajerumani walikianzisha mwaka wa 1902, nao Waingereza wakakifufua katika miaka ya 1920 ili kihudumie Afrika Mashariki nzima. Kabla yake, walowezi wa Kijerumani walikuwa wamefyeka msitu wa huko na kupanda kahawa, wakidhani miti minene ni ushahidi wa ardhi tajiri. Kahawa hiyo haikudumu. Katika makala ya mwaka wa 1937, Milne alieleza kwamba msitu ule ulijilisha wenyewe: majani yaliyoanguka yalioza na kurudishia mizizi chakula kilekile. Chini ya tabaka hilo jembamba, udongo ulikuwa umeoshwa na mvua ya karne nyingi na kujaa asidi. Aliyeondoa miti aliondoa akiba yote.

Jina lake, hata hivyo, lilivuma kwa jambo jingine. Mwaka wa 1935 alipendekeza kwamba udongo wa kileleni, wa mteremkoni na wa bondeni utazamwe kama pete za mnyororo mmoja, akaupa mpangilio huo jina la Kilatini, katena. Maji hushuka yakibeba madini. Juu hubaki udongo mwekundu uliochujwa, chini hukusanyika ule mweusi wenye kalisi nyingi, ambao wataalamu wameuita kwa neno letu la mbuga. Wakulima Wasukuma walikuwa na jina kwa karibu kila pete ya mnyororo huo, na haki ya ugunduzi ingefaa igawanywe.

Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 alisafiri sehemu nyingi za Tanganyika akichunguza ardhi. Mwaka huohuo wa 1936 ramani ya kwanza ya udongo wa Afrika Mashariki ilichapishwa chini ya uongozi wake, akisaidiwa na wenzake wa nchi jirani, akiwemo Gethin Jones wa maabara ya Kabete. Taarifa ya safari ile ilitoka mwaka wa 1947, mwenyewe akiwa kaburini.

Mwaka wa 1948 utafiti wa kanda ulihamishiwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, juu ya udongo mwekundu uliotokana na volkano. Huko H. F. Birch alichunguza uhusiano wa asidi na fosfeti. Katika udongo wa aina hiyo, chuma na alumini huikamata fosfeti ya mbolea kabla mzizi haujaifikia. Ndiyo maana majani huwa ya zambarau. Kuendelea kumwaga DAP pekee kila msimu huzidisha asidi, na mkulima hulipia hasara yake mwenyewe. Chokaa ya kilimo, kama ile inayochimbwa Koru, hupunguza asidi hiyo, nayo samadi iliyooza huachilia sehemu ya fosfeti iliyokamatwa. Kiasi chake hujulikana kwa kupima udongo, huduma inayopatikana hata Kabete.

Mkazi wa Donholm anayenunua lori la udongo mwekundu basi anunue na samadi. Ule mweusi alioutupa kwa kawaida hauhitaji chokaa: huhitaji matuta yaliyoinuliwa na mfereji wa kuondoa maji.