Moyo wa Mzee Kenyatta, siri iliyolindwa na Ikulu

Kabla hajawa Mzee wa taifa, Jomo Kenyatta alikuwa mtumishi wa maji. Mwaka 1922, akijulikana kama Johnstone Kamau, aliajiriwa na idara ya maji ya manispaa ya Nairobi, akitunza bohari na kusoma mita. Mshahara wake ulikuwa mnono kwa Mwafrika wa zama hizo, naye akajenga nyumba Dagoretti, eneo ambalo jina lake hubebwa pia na njia panda ya Dagoretti Corner. Humo aliweka bidhaa za majirani, akapaita Kinyata Stores.

Yaliyofuata yanajulikana: safari ya London mwaka 1929, kifungo baada ya Oktoba 1952, na urais mwaka 1964. Kisichosimuliwa sana ni habari ya mwili wake.

Mwaka 1966 alipatwa na kiharusi hafifu, na Mei 1968 cha pili. Jongo na maradhi ya moyo pia yalimwandama, lakini wananchi hawakuambiwa.

Madaktari wa enzi hiyo nao hawakuwa na macho ya leo. Skana ya kompyuta ilimpiga mgonjwa picha kwa mara ya kwanza mwaka 1971, jijini London, nayo ilikuwa ya kichwa. Moyo hautulii, hivyo mashine ya polepole isingeuona. Ni mwaka 1990 ambapo Arthur Agatston na wenzake, nchini Marekani, walichapisha njia ya kupima chokaa iliyoganda kwenye mishipa ya moyo, ili hatari ijulikane kabla ya maumivu. Kweli, kwa mtu aliyekwisha kupigwa na kiharusi mara mbili, kipimo hicho kisingefichua jipya. Kingemfaa mapema, alipoonekana mzima.

Wanasiasa hawakuhitaji skana. Tangu 1968, katiba ilisema rais akifariki, makamu wake angeshika hatamu kwa siku 90. Mwaka 1976 kundi moja lilitaka kifungu hicho kibadilishwe ili kumzuia Daniel arap Moi. Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, akaonya kuwa hata kuwazia kifo cha rais ni kosa la jinai. Ugonjwa uliolihusu taifa zima ukawa mwiko kutajwa.

Kenyatta alifariki Mombasa alfajiri ya Agosti 22, 1978. Moi aliapishwa siku hiyo hiyo, akatawala hadi mwaka 2002.