Nathanael Greene, Mkuu wa Vifaa vya Jeshi

Habari za George Washington twazijua sana. Lakini habari za mtu aliyemtafutia unga, farasi na mahema ni mistari miwili tu vitabuni. Kwa hiyo nimependa kuwaeleza maisha yake.

Nathanael Greene alizaliwa mwaka 1742 katika Rhode Island, koloni dogo la Waingereza huko Amerika. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kufua nanga za meli. Walikuwa Wakristo wa Marafiki, dhehebu lile lililofungua misheni Kaimosi, Kenya, mwaka 1902. Marafiki hawapigani vita, lakini kijana huyu alijinunulia vitabu akasoma, hata vya vita. Alikuwa na pumu, tena alichechemea. Mwaka 1774 alisaidia kuanzisha kikosi cha askari wa kujitolea, na wenzake wakakataa kumpa cheo kwa sababu ya mguu wake. Akakubali kubeba bunduki kama askari wa kawaida. Mwaka uliofuata, vita vya uhuru vilipoanza, Rhode Island ilimfanya jemadari.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Desemba 1777 jeshi la Washington, watu wapata 12,000, lilipiga kambi Valley Forge, Pennsylvania. Chakula kilikuwako mashambani. Kilichokosekana ni magari, farasi, na mtu wa kupanga. Mkuu wa Vifaa alikuwa amejiuzulu, na kazi yake ikawa haina mwenyewe. Askari walikula unga uliokandwa kwa maji matupu na kuokwa motoni. Wengine walikanyaga theluji bila viatu. Karibu 2,000 walikufa, nao hawakuuawa na Waingereza bali na maradhi. Mwezi wa Februari Washington alimtuma Greene vijijini kuchukua ng'ombe, farasi na nafaka. Wakulima walilia, naye akawapa hati tu za kudai malipo baadaye. Katika barua yake kwa Washington alijilinganisha na Farao aliyeufanya moyo wake kuwa mgumu. Mtu aliyelelewa na watu wa amani! Nadhani jambo hilo lilimuuma.

Machi 1778 akafanywa Mkuu wa Vifaa. Hakuitaka kazi hiyo, akalalamika kwamba katika historia hakuna aliyepata kusikia habari za Mkuu wa Vifaa. (Hata shuleni, anayepima unga wa uji hapigiwi makofi siku ya michezo, lakini uji ukichelewa kila mtu hulijua jina lake.) Hata hivyo aliifanya. Alitengeneza barabara na madaraja, akanunua farasi na mahema, akaweka bohari za nafaka kando ya njia ambazo jeshi lingepita. Waingereza walipotoka Philadelphia mwezi wa Juni, jeshi lile lililokuwa likifa njaa liliwafuata mara moja, likapigana nao Monmouth. Malipo yake yalikuwa sehemu ya asilimia moja ya fedha zote zilizotumika, akigawana na wasaidizi wawili. Watu walinung'unika, na mimi pia naona mpango ule ulikuwa mbaya, kwa maana atumiaye zaidi ndiye apataye zaidi. Mwaka 1780 aligombana na Kongresi akaiacha kazi.

Mwaka huo huo akapewa jeshi la kusini, na hapo yale aliyojifunza bohari yalionekana. Kabla ya kupigana alituma watu kupima mito na vivuko, na kukusanya mashua. Januari 1781 jemadari Mwingereza, Cornwallis, alichoma karibu magari yake yote pamoja na mizigo ili akimbie upesi amkamate. Februari 14 Greene alivuka mto Dan kwa mashua zilizokuwa tayari. Cornwallis alipofika ukingoni hakukuta hata moja. Machi 15 walipigana Guilford Courthouse. Greene ndiye aliyeondoka uwanjani, lakini Cornwallis alipoteza zaidi ya watu 500 katika 1,900, na hakuwa na chakula cha kuwalisha waliobaki. Ikambidi kwenda pwani, kisha Virginia, na Oktoba 19 akasalimu amri Yorktown.

Askari wa Greene wenyewe walikuwa karibu uchi. Akamdhamini mfanya biashara mmoja alete nguo na chakula; yule akashindwa kulipa madeni yake, na wadai wakamgeukia Greene. Akauza mali yake, akahamia shamba alilopewa na Georgia, Mulberry Grove, akalilima kwa watumwa. Hapo siwezi kumtetea, mtu aliyepigania uhuru miaka minane. Juni 19, 1786, alikufa huko baada ya kupigwa na jua kali, mwenye umri wa miaka 43. Deni la nguo za askari lilibaki juu ya mkewe, Catharine, na watoto. Mwaka 1792 ndipo Kongresi ilipokubali kumlipa mjane huyo dola 47,000.