Usuli wa Mwandishi: Shaaban Robert, Mwandishi wa Wasifu

Mwanafunzi mpenzi, ukiulizwa Shaaban Robert ni nani, huenda utataja Kusadikika na mashairi, kisha uweke kalamu chini. Jibu hilo si baya, lakini halijakamilika. Shaaban Robert pia aliandika maisha ya watu: yake mwenyewe na ya mwimbaji Siti binti Saad. Sehemu hii inakueleza alivyoifanya kazi hiyo na kwa nini ina uzito.

Maisha na ajira

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Wakati huo Tanganyika ilitawaliwa na Wajerumani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikawa chini ya Waingereza. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, akahitimu na kuajiriwa kuwa karani wa forodha. Baadaye alifanya kazi katika ofisi ya jimbo mjini Tanga, kisha katika idara ya upimaji wa ardhi.

Zingatia jambo moja hapa. Uandishi haukuwa ajira yake. Mchana alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na vitabu aliviandika katika muda aliobakiwa nao. Mashairi yake yalisomwa na wengi kupitia gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa 1923. Pia alikuwa mwanachama wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki.

Kusadikika ilichapishwa 1951 na Adili na Nduguze 1952. Alifariki Juni 1962, miezi michache baada ya uhuru wa Tanganyika, akazikwa Machui. Kufikirika (1967), Utubora Mkulima (1968) na Siku ya Watenzi Wote (1968) zilitoka yeye akiwa kaburini.

Tawasifu na wasifu

Usichanganye istilahi hizi. Mtu akiandika maisha yake mwenyewe, hiyo ni tawasifu. Akiandika maisha ya mwingine, huo ni wasifu. Shaaban Robert aliandika zote mbili.

Tawasifu yake ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Humo anasimulia ndoa yake na Amina, kifo cha mke huyo, na malezi ya watoto wao. Utamkuta akiwatungia tenzi watoto wake: Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe. Kwa hiyo ukiulizwa kuhusu dhamira ya malezi, una ushahidi wa kutosha.

Wasifu wa Siti binti Saad

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia maskini. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Hakusoma shule. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza akiviuza, na watu wakaijua sauti yake kabla hawajamwona. Yapata 1911 alihamia mjini, akajifunza muziki na kuanza kuimba taarabu kwa Kiswahili, ilhali taarabu ya kasri la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, wakarekodi santuri zilizouzwa kote Afrika Mashariki.

Nyimbo zake nyingine zilifanya kazi ya gazeti. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, unasimulia mauaji ya mwanamke yaliyotokea kweli Unguja, na hukumu ambayo wengi waliiona si ya haki.

Shaaban Robert alikutana na Siti mwaka 1950, alipokuwa mzee, akamhoji kuhusu maisha yake. Julai mwaka huohuo Siti alifariki. Fikiria basi: angeahirisha safari hiyo hadi mwaka uliofuata, angekuta kaburi. Santuri zingetuachia sauti ya Siti, lakini njia ya kutoka Fumba hadi Bombay tungeisikia kwa watu wa pembeni tu. Wasifu huo ulitoka 1958 katika jarida la Kamati ya Kiswahili.

Uchaguzi wake wa mhusika nao una maana. Wakati huo maisha yaliyoonekana kustahili kitabu yalikuwa ya masultani, magavana na wamisionari. Shaaban Robert alimchagua mwanamke, maskini wa kuzaliwa, asiyejua kusoma. Hii ndiyo hoja ambayo mtahini angependa kuiona katika jibu lako.

Hata hivyo, usimsome kwa kuitikia tu. Shaaban Robert alikuwa mwalimu wa maadili, na Siti wa kitabuni ni kielelezo cha bidii, subira na utu. Mwandishi anayemstahi mtu sana huweza kupita juujuu makosa na migogoro yake. Mhakiki mzuri huuliza: nani alihojiwa? Nani hakuhojiwa? Nini kimeachwa? Kuuliza hivyo si kumkosea mwandishi adabu. Ndiyo kazi ya uhakiki.

Zoezi la nje ya darasa

Ukiwa hapa Muhoroni, huhitaji kwenda Unguja kumtafuta mhusika. Kiwanda cha sukari kilijengwa miaka ya 1960, na wapo wazee waliokata miwa ya kwanza, na akina mama waliolea familia kwa kuuza chakula kandokando ya reli. Mwendee mmoja wao kwa heshima, umwombe ruhusa, umsikilize bila haraka. Andika majina na miaka papo hapo. Kisha muulize mtu wa pili kuhusu mambo hayohayo, maana kumbukumbu ya mtu mmoja huteleza. Wakitofautiana, andika kwamba wametofautiana. Nenda mapema, wazee hawatungoji tumalize mtihani.

Maswali ya marudio

1. Tofautisha tawasifu na wasifu ukirejelea kazi za Shaaban Robert. (alama 4)
2. Eleza kwa nini uchaguzi wa Siti binti Saad kuwa mhusika wa wasifu ulikuwa wa kipekee kwa wakati wake. (alama 6)
3. Kumstahi sana mhusika kunaweza kudhoofisha wasifu. Jadili. (alama 10)

Tahadhari: katika swali la 3, watahiniwa wengi husimulia maisha ya Siti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Usimulizi hauna alama hapo. Toa hoja, uitolee mfano, kisha ueleze mfano huo unathibitisha nini.